Gunia la mama kutoka Kondoa: tunaamini vipi chakula tunachokula?

BintiKondoa (mleta uzi)

Habari zenu wanajukwaa, shikamooni wakubwa.

Nina jambo limenikaa kifuani tangu mwezi uliopita. Nimeona nilitue hapa maana humu wamo wakulima, wenye mashine, wauguzi na akina mama wenzangu. Uzi ni mrefu, mnivumilie.

Naishi Kimara, Dar es Salaam. Kwetu ni Kondoa. Nina binti wa mwaka mmoja na miezi minane. Alipofikisha miezi sita na kuanza uji, niliapa kwamba unga wa dukani hautaingia kinywani mwake. Nilikuwa nikiishika ile pakiti ya lishe, mbele picha ya mtoto mnene anacheka, nyuma nafaka saba na karanga na soya, najiuliza: karanga hizi zimetoka wapi? Nani alizichambua? Zilikaa ghala gani, muda gani? Sikupata jibu, nikairudisha. Nikampigia mama. Akasema, "Mwanangu, uhangaike na vya watu na mimi nalima?"

Tangu siku hiyo, kila baada ya miezi mitatu gunia linapakiwa kwenye basi Kondoa na mimi nalipokea stendi ya Magufuli pale Mbezi. Mahindi, karanga, uwele kidogo, na mayai ya kienyeji yamefukiwa ndani ya mahindi yasivunjike. Roho yangu ilikuwa imetulia kabisa. Kazini wenzangu wakianza habari za kuku wa dawa na samaki wa kutiwa kemikali, mimi nilikuwa nasema cha mwanangu nakijua kilipotoka.

Mwezi uliopita limekuja gunia la mavuno mapya. Nikatia mkono kutoa mayai. Mkono ulipofika katikati nikahisi joto. Nikauzamisha zaidi, nikatoa bonge la mahindi yaliyoshikana, ukubwa wa ngumi. Nikalivunja. Kwenye punje, pale kwenye kiini, kulikuwa na vumbi la kijani lenye unjano, na harufu kama ya nguo zilizokunjwa zikiwa mbichi.

Nikamwaga gunia zima kwenye mkeka, nikachukua ungo. Nilikaa chini saa tatu nikichambua. Nikapata fungu la mazima, fungu la yaliyotobolewa na dumuzi, na fungu la yaliyobadilika rangi. Yale mabovu hayakunitisha sana, nayaona, nayatupa. Yaliyonitisha ni yale mazima. Nilikumbuka tulichofundishwa nyumbani mwaka 2016: sumukuvu, ile sumu inayoachwa na kuvu kwenye nafaka, haionekani kwa macho, haina harufu, haina ladha. Ukungu unaweza usionekane na sumu ikawemo.

Mwaka huo nilikuwa Kondoa. Watu walianza kuugua Chemba, jirani zetu kabisa, wilaya iliyomegwa kutoka kwetu. Macho yanakuwa ya njano, tumbo linauma, linajaa maji, mtu anatapika. Maneno yakawa mengi. Wengine walisema watu wamelogwa, wengine wakasema kisima kimetiwa sumu. Wataalamu walipopima ndipo tukaambiwa ni sumukuvu kwenye mahindi. Dodoma na Manyara kwa pamoja waliorodheshwa wagonjwa 68, wakafa 20. Hawakula kitu cha ajabu. Walikula ugali.

Nikampigia mama nikamuuliza, kwa upole, haya mahindi uliyaanika vipi? Akaniambia mvua za mwisho ziliyakuta bado shambani. Akayaanika uani, juu ya udongo, siku mbili, na jua lilikuwa la mawingu. Halafu akayatia guniani kwa sababu mimi nilikuwa nimemwambia unga wa mtoto umekwisha. Nikamuuliza, yale yaliyooza ulifanyaje? "Niliwapa kuku." Kuku haohao wanaotaga mayai anayokula mwanangu.

Sijalala vizuri siku tatu. Mama ananipenda, hilo sina shaka nalo, lakini mapenzi hayakaushi mahindi. Nilimwamini yeye nikasahau kuuliza kazi iliyofanyika kati ya shamba na gunia. Ile pakiti ya dukani niliihoji maswali kumi. Gunia la mama sikulihoji hata moja.

Sasa nauliza: ninyi mnaamuaje? Mtu asiye na maabara, anayeishi mjini, anajuaje kwamba unga anaopikia mtoto ni salama? Na uji si unachemka, moto hauui hiyo sumu?

---

MkulimaWaZamani

Binti, salamu. Usijitie presha. Sisi tumezaliwa vijijini, tumekula mahindi ya kwenye kihenge, yenye vumbi na wadudu, na babu yangu kafa na miaka tisini na kitu. Siku hizi kila kitu sumu. Leo mahindi, jana samaki, kesho maji. Mwishowe mtakula nini? Mwamini mzazi wako.

---

FundiMashine_Tandale

Dada, pole sana. Nianze na swali lako la mwisho kwa sababu nalisikia kila siku hapa mashineni. Moto hauui. Kinachokufa ukichemsha ni mdudu au kijidudu kilicho hai. Sumukuvu haina uhai, ni kitu kinachoachwa na kuvu, na joto la sufuria haliiwezi. Ukisonga ugali saa nzima imo. Ukikaanga karanga inapungua kiasi, haiishi.

Nina mashine ya kukoboa na kusaga Tandale, mwaka wa kumi na moja sasa. Acha niwaambie ninachokiona, maana watu wanaleta mahindi kwangu lakini wanatazama unga tu, mahindi hawayatazami.

Mteja akifika anauliza kitu kimoja: utatoka mweupe? Weupe wa unga unakuambia mahindi yamekobolewa mara ngapi, basi. Haukuambii yalikauka au yalikaa wapi. Mimi naweza kuchukua mahindi ya hovyo nikayapitisha kwenye kinu cha kukoboa mara mbili, nikakupa unga mweupe kama theluji ya Kilimanjaro ukashukuru.

Ila hapohapo kuna jambo la kweli ambalo watu wa dona hawapendi kulisikia. Sehemu kubwa ya sumu hukaa kwenye ganda na kiini. Ukikoboa, hivyo ndivyo vinavyotoka. Kwa hiyo mahindi yaleyale, sembe yake ina sumu kidogo kuliko dona yake. Sisemi dona ni mbaya. Dona ina virutubisho ambavyo sembe imeviacha kwenye pumba, na mimi mwenyewe nyumbani nakula dona. Lakini dona inataka mahindi unayoyajua vizuri kuliko sembe, kwa sababu kwenye dona hakuna kinachoachwa nje. Mtu anayenunua mahindi ya kuokoteza halafu anasaga dona kwa ajili ya afya, anakosea mahali.

Na pumba zinakwenda wapi? Wafugaji wananunua zote, hazilali. Ng'ombe wa maziwa akila pumba zenye sumukuvu, sehemu yake inatoka kwenye maziwa. Kwa hiyo wewe umekula sembe ukadhani umepona, jioni unakunywa chai ya maziwa. Ndiyo maana uliposema mayai na kuku wa mama nimekuelewa kabisa.

Mwaka juzi nilinunua kipima unyevu, kidude cha kushika mkononi. Gunia likifika napima kabla ya kupokea. Juu ya asilimia 13.5 namwambia mteja aanike kwanza. Nimepoteza wateja. Wanakwenda kwa jirani ambaye hapimi.

---

MwanaMakueni

Hamjambo ndugu zangu wa Tanzania. Mimi ni wa Makueni, Kenya. Huwa nasoma tu bila kuchangia, lakini hapa siwezi kunyamaza.

Mzee MkulimaWaZamani, kwa heshima yako, nakuomba unisikilize. Hata sisi tulisema wazee walikula na hawakufa. Machakos mwaka 1981 waliugua watu 20, wakafa 12. Ikasahaulika. Mwaka 2004 ikarudi, Makueni na Kitui ndizo zilizoumia zaidi. Kufikia Julai wagonjwa walikuwa 317 na waliokufa 125. Nilikuwa darasa la saba. Darasani kwetu kuna dawati lililobaki na mtoto mmoja, kwa sababu ndugu wawili waliokuwa wakikaa hapo hawakurudi baada ya likizo.

Watafiti waliokuja walilinganisha nyumba zilizopata wagonjwa na nyumba ambazo hazikupata. Jambo waliloliona ni hili: waliougua mara nyingi walikuwa wamehifadhi mahindi mabichi ndani ya nyumba. Na kwa nini ndani ya nyumba? Kwa sababu ya njaa. Mavuno yalikuwa haba, watu waliogopa kuibiwa, wakayaingiza mahindi chumbani yakiwa hayajakauka ili wayalinde. Walikuwa wanakilinda chakula chao.

Halafu mtu atasema basi tununue sokoni. Sokoni nako walipima. Zaidi ya nusu ya sampuli zilizidi kiwango kilichoruhusiwa Kenya wakati huo, sehemu 20 katika bilioni. Asilimia 7 zilizidi 1,000. Mahindi ya soko yalikuwa ni yaleyale ya nyumbani, yameuzwa na jirani aliyehitaji pesa. Kwa hiyo dada, kuchagua kati ya nyumbani na dukani peke yake hakutakusaidia kama mahindi yamepitia mkono uleule ambao haukuyakausha.

Kwetu kuna chakula kinaitwa muthokoi, mahindi yaliyotwangwa kwenye kinu mpaka ganda likatoka, halafu yanapikwa na maharage. Bibi yangu alikuwa akitwanga, anapeta, anaosha maji mara tatu. Miaka ya baadaye watafiti wakaja kupima wakaona kukoboa kule kunapunguza sumu. Fundi wa Tandale amesema kweli. Kwa hiyo hata wazee walikuwa na njia zao, ni sisi tuliobaki na mahindi tukaziacha njia.

---

MkulimaWaZamani

MwanaMakueni, nimekusoma. Pole kwa wenzako wa darasani. Kihenge cha babu kilikuwa juu ya miti, chini panawaka moto wa jikoni, moshi unapita kila siku. Sikuwahi kufikiria kwamba ule moshi ulikuwa unafanya kazi. Sisi leo tunatia kwenye mfuko wa sandarusi tunaegemeza ukutani. Naendelea kusoma uzi.

---

MamaLishe_Buguruni

Mimi napika chakula Buguruni, sahani kama sitini kwa siku. Nisiwafiche, huu uzi umenikosesha raha.

Wateja wangu ni wakali sana kwa nyama. Anaipindua kwa kidole, anainusa, anauliza imechinjwa lini. Samaki anamfunua shavu aone wekundu. Tangu ile habari ya Kenya ya mwaka 2019, nyama kuwekwa sodiamu metabaisalfaiti ionekane mbichi, basi ndiyo usiseme, hata nyama nyekundu nzuri anaitilia shaka. Lakini tangu nianze kazi hii hakuna hata mmoja aliyeniuliza unga wa ugali nimenunua wapi. Nyama anakula vipande vitatu. Ugali anamaliza sahani nzima, na kesho tena, na keshokutwa.

Na mimi mwenyewe sijawahi kumuuliza mwenye duka. Nauliza bei.

---

KibaigwaKwetu

Ngoja nizungumze upande wa mkulima kwa sababu naona lawama zinaelekea kwa mama wa watu.

Mimi nalima Kiteto na nauza soko la Kibaigwa. Mnajua kwa nini mahindi yanakuja mabichi? Mwezi wa tano na wa sita ndio mkulima hana kitu kabisa. Mtoto amerudishwa shule kwa ajili ya michango, deni la mbegu linasubiri, na mnunuzi ameshafika kijijini na lori, anasema leo nachukua, kesho siji. Mahindi bado yana maji. Utafanyaje? Unapukuchua unauza.

Halafu bei. Mnunuzi akija na gunia la lumbesa anajaza mpaka linatoa kichwa, bei ni ya gunia. Akija na mizani, mahindi mabichi yana uzito zaidi kwa sababu ya maji. Kwa hiyo mimi niliyeanika siku tano juu ya turubai, nikapeta, nikachambua, napata kilo pungufu na bei ileile ya jirani aliyeyamwaga chini siku moja. Mwaka wa kwanza nilifanya kazi nzuri nikapata hasara. Watu wa mjini mnataka chakula salama, mimi nakubali kabisa, lakini hebu niambieni ni nani kati yenu aliyewahi kulipa hata shilingi mia zaidi kwa mahindi makavu?

Kitu kilichonibadilisha ni Machi 2021. Kenya ilipozuia mahindi yetu kwa sababu ya sumukuvu, nilikuwa na magunia arobaini kwa mtu aliyekuwa anapeleka Namanga. Malori yalipanga foleni. Baada ya siku chache wakafungua kwa masharti, mahindi yawe na cheti kwamba hayazidi sehemu 10 katika bilioni. Nilikasirika sana wakati ule, nikaona ni siasa. Lakini baadaye nikawaza: kama jirani anahoji mahindi yangu mpakani, kwa nini mwanangu nyumbani anayala bila kuhojiwa?

Sasa hivi ninachofanya ni hiki. Nawahi kuvuna, siachi mahindi yasimame shambani mpaka mvua iyarudie. Naanika juu ya turubai, udongo usiguse punje hata kidogo, maana kuvu anaishi kwenye udongo. Jioni nafunika kabla ya umande. Napukuchua bila kupiga magunzi kwa fimbo, kwa sababu punje ikipasuka ndipo kuvu anapopitia, na ndipo dumuzi anapoanzia. Ya kula nyumbani natia kwenye ile mifuko ya PICS, ya matabaka matatu, miwili ya nailoni ndani na mmoja wa nje. Ukifunga vizuri hewa inakwisha mle ndani, dumuzi anakufa bila dawa. Ila ukitia mahindi mabichi mle, umeyaozesha. Mfuko haukaushi.

Na kujua kama yamekauka bila mashine: chukua chupa ya kioo kavu, kavu kabisa. Tia mahindi robo, tia chumvi kavu vijiko viwili, funika, tikisa dakika chache, iache itulie. Chumvi ikishika ukutani mwa chupa, mahindi bado yana maji. Ikianguka yote chini, yamekauka. Bwana shamba alitufundisha, na haina gharama.

---

BintiKondoa

KibaigwaKwetu, ahsante sana, na samahani kama nimesikika namlaumu mama. Simlaumu. Umenifanya nione kwamba mimi ndiye niliyemharakisha, kama lori la mnunuzi.

Chumvi nimejaribu sasa hivi kwa mahindi yale "mazima" niliyoyachambua. Imeshika chupa nzima, nimeona nyeupe kama ukungu wa kioo.

Nina swali moja la kuuma. Chupa ikisema yamekauka, ndiyo kusema hayana sumu?

---

KibaigwaKwetu

Hapana dada, na usimsikilize mtu atakayekuambia hivyo. Chumvi inapima maji, haipimi sumu. Mahindi yaliyoota kuvu wiki mbili halafu yakakaushwa, chupa itasema makavu na sumu imo. Kukausha ni kuizuia isianze. Ikishaingia haitoki. Haya uliyonayo, mimi nisingempa mtoto.

---

Muuguzi_KlinikiYaMtoto

Dada BintiKondoa, mimi nafanya kazi kliniki ya mama na mtoto. Kwanza upumue. Mtoto ana uzito mzuri kwenye kadi? Anacheza? Macho meupe? Nenda kliniki akapimwe uzito na urefu, umwambie muuguzi ulichotuambia hapa. Usikae na hofu nyumbani.

Sasa kuhusu uji, nitasema ninachowaambia kina mama kila wiki, na mara nyingi hawakipendi. Acheni kuchanganya nafaka saba. Mahindi, ngano, mchele, uwele, mtama, ulezi, vyote ni wanga, tumbo la mtoto halipati faida kwa kuvirundika. Lakini hatari inarundikana. Kila nafaka uliyoongeza ni ghala jingine usilolijua. Mkishavisaga pamoja hamwezi tena kuona kipi kilikuwa kibovu. Chukua nafaka moja nzuri. Karanga usizisage humo, ziweke pembeni, zichambue moja moja siku ya kupika: iliyonyauka, iliyobadilika rangi, yenye ngozi iliyokunjamana, tupa, usiikaange "kidogo tu". Karanga na mahindi ndiyo wawili wanaoongoza kwa sumukuvu, na ndiyo tunaowapa watoto wadogo kuliko vyote. Karanga za kusagwa za kununua nisingempa mtoto mpaka nimjue aliyezisaga, maana chenga na mbovu hupelekwa kusagwa.

Na msifikiri madhara ni kufa tu kama Chemba na Makueni. Hiyo ni dozi kubwa ya ghafla. Kidogo kidogo kwa miaka kinaharibu ini, na mwenye homa ya ini ya B hatari yake ya saratani ya ini inakuwa kubwa mara nyingi zaidi. Kwa watoto kuna suala la kutokukua. Rombo, Kilimanjaro, watafiti walifuatilia watoto wachanga wanaolishwa uji wa mahindi. Waliokula zaidi fumonisini, ambayo ni sumu ya kuvu wa aina nyingine, walipofikisha mwaka mmoja walikuwa wafupi kwa sentimita 1.3 na wepesi kwa gramu 328 kuliko wenzao. Mama anaona mtoto mdogo anasema amefuata upande wa baba.

Mpe vitu tofauti. Ndizi, viazi, mchele, muhogo mtamu, kwa zamu. Uji wa mahindi usiwe asubuhi, mchana na jioni.

---

JirunguLaKimara

Naomba kuuliza, alama ya TBS, Shirika la Viwango, kwenye pakiti ina maana yoyote au ni urembo?

---

FundiMashine_Tandale

Mkuu, ina maana. Tangu 2019 usalama wa chakula ulihamishwa kutoka iliyokuwa TFDA, mamlaka ya chakula na dawa, ukaenda TBS, na kiwango cha sumukuvu jumla kwenye mahindi ni maikrogramu 10 kwa kilo, yaani zilezile sehemu 10 katika bilioni, na ile ya B1, aina iliyo kali zaidi, peke yake 5. Mwenye alama amepimwa na anaweza kurudiwa kupimwa. Tafuta na namba ya toleo na tarehe, kwa sababu pakiti yenye namba ya toleo ikileta shida inafuatiliwa ilikotoka. Unga wa kupimiwa kwenye ndoo dukani ukikuumiza hakuna wa kumuuliza. Nasema hivi na mimi mwenyewe nauza wa kupimiwa, ndiyo maana nimeanza kuandika kwenye daftari: gunia hili limetoka wapi, lilipimwa unyevu ngapi, limesagwa lini. Mteja akitaka kuliona namwonyesha. Wiki iliyopita wameomba watu wawili.

---

MamaLishe_Buguruni

Wa tatu nakuja kesho. Nielekeze mashine iko mtaa gani.

---

BintiKondoa

Wapendwa, narudi na mrejesho baada ya wiki tatu.

Mtoto nimempeleka kliniki. Uzito umeshuka kidogo ndani ya mstari wake lakini uko kwenye kijani, urefu sawa, wamenipa tarehe ya kurudi. Gunia lote nimelitupa, na sikumpa mtu wala kuku wa jirani, nililichimbia shimo nyuma ya nyumba. Mume wangu alinung'unika kwa sababu ni pesa, nikamsomea huu uzi, akanisaidia kuchimba. Kwa sasa mtoto anakula uji wa mchele, na ndizi bukoba na viazi. Unga wa ugali nanunua sembe yenye alama mpaka nijue mahindi ya nyumbani yamekaaje.

Kazi ngumu ilikuwa kumwambia mama. Nilihofia ataona nimekataa chakula chake. Nilimtumia pesa ya turubai na mifuko mitatu ya PICS kupitia mdogo wangu, halafu nikampigia nikamweleza, nikamsomea maneno ya MwanaMakueni kuhusu dawati. Alinyamaza muda mrefu. Kisha akaniambia jambo ambalo hakuwahi kuniambia: mwaka ule wa 2016 alizika shoga yake Chemba, na tangu hapo kila anapoona mahindi yenye ukungu wa kijani huyaficha nisiyaone akihofia nitaacha kula kwake.

Jana jioni alinipigia mwenyewe. Alikuwa na chupa ya asali aliyoiosha na kuikausha juani, mdogo wangu anashika simu. Nikasikia chumvi na mahindi vinagonga kioo, mama anahesabu kwa sauti. Akaacha itulie. Akasema, "Imeshika, lakini kidogo, upande mmoja tu." Nikamuuliza, sasa tunafanyaje mama? Akanijibu mahindi yanarudi kwenye turubai, siku mbili zaidi, na safari hii nisimpigie kuuliza basi linaondoka lini, yeye ndiye atakayenipigia.